Mnyama Aliye Bustanini Ana Mwenyewe

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Jiji la Mbeya na wa Halmashauri ya Manispaa ya Iringa

Waheshimiwa,

Kati ya Julai na Novemba 2005, watafiti walipita nyumba hadi nyumba katika kata nne za Manispaa ya Iringa wakihesabu mbwa. Kazi yao ilihusu kichaa cha mbwa, wala hawakuwa na habari na maua, na matokeo yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la kisayansi la tiba ya wanyama. Hata hivyo, mwenye bustani wa Gangilonga au Kihesa mjini Iringa, au wa Uyole au Forest ya Zamani jijini Mbeya, akiyasoma leo, atamkuta humo mbwa anayemfukulia waridi. Mbwa wa Iringa walikuwa mara sita ya idadi iliyokuwa kwenye kumbukumbu za mji. Nyumba 13 tu katika kila 100 ndizo zilizofuga mbwa, na kwa wastani kulikuwa na mbwa mmoja kwa kila watu 14. Wale wasio na mwenyewe kabisa, ambao kila uharibifu husukumiwa wao, hawakufika hata asilimia moja ya mbwa wote.

Barua hii imejengwa juu ya hesabu hiyo ya mwisho.

Mbwa aliyejikunja kwenye tuta la maua saa nne asubuhi ana kwao, ana mtu aliyemtupia ugali jana usiku, na pengine ana jina. Mbuzi wa mjini asiye na mwenyewe hajapata kuonekana. Jaribu kumkamata mmoja uone watu watakavyotokea. Kuku naye hurudi bandani kwake kila magharibi bila kuelekezwa. Kwa hiyo ombi la wenye bustani kwenu, waheshimiwa, ni hili: hatua yoyote itakayochukuliwa dhidi ya wanyama wanaozurura ianzie kwa mwenye mnyama, kabla ya kumgusa mnyama mwenyewe.

Huenda wapo watakaouliza kama maua ni jambo la kupelekwa kwenye Baraza la Madiwani, wakati barabara zina mashimo na maji yanatoka kwa zamu. Jibu liko karibu na nyumbani. Mwaka huohuo wa 2005, Serikali ilitangaza Hifadhi ya Taifa Kitulo, kilomita za mraba 412.9 za uwanda wa juu kati ya milima ya Kipengere na Poroto, na ikaitangaza kwa ajili ya maua. Kuna zaidi ya aina 350 za mimea pale, zikiwamo aina 45 za okidi, na watu wa huko wanauita uwanda huo Bustani ya Mungu. Kabla ya hapo sehemu yake ilikuwa malisho ya kondoo na ng'ombe. Taifa lilikwisha kuamua, katika ukanda huu huu wa Nyanda za Juu Kusini, kwamba ua lina thamani ya kulindwa dhidi ya kwato.

Na hali ya hewa inayolea okidi za Kitulo ndiyo inayolea matuta ya mitaani. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na Iringa haiko mbali na hapo. Ndiyo maana dalia, waridi, jereniamu na kala hustawi hapa kwa namna ambayo mkazi wa Dar es Salaam huitazama kwa wivu. Maua haya yana soko pia. Wauza miche wanaopanga viriba vyeusi kando ya barabara wanaishi kwa kutegemea wateja wanaoamini kwamba mche walionunua utafika kuchanua. Mteja aliyeliwa miche mara mbili na mbuzi wa jirani harudi mara ya tatu. Anamwaga zege uani, mambo yanaishia hapo.

Tatizo hili lina msimu wake. Mvua zikikatika Mei, nyasi za kando ya barabara zinaanza kugeuka rangi. Kufika Agosti, kijani kilichobaki mtaani ni cha tuta linalomwagiliwa kila jioni, na wanyama wa mtaa mzima wanalijua.

Mbuzi hapendi kuinamia nyasi kavu ilhali kuna majani juu. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anaegemea wigo, na midomo yake myembamba inapita katikati ya miiba ya waridi bila kuchomwa. Anachuma jani changa, anachuma tumba, anahamia tawi la pili, na nyuma yake zinabaki fimbo tupu. Kuku, kwa upande wake, hana haja kubwa na ua lenyewe. Anatafuta minyoo na wadudu walio chini ya matandazo. Udongo uliotifuliwa na kumwagiliwa jana ndio mlaini kuliko wote mtaani, basi anaparua kwa mguu huu, anaparua kwa ule, anarudi nyuma hatua moja kukagua alichofukua. Akiondoka, miche iliyotolewa kwenye viriba jana jioni imelala ubavu, mizizi juani. Mbwa anachimba shimo ili alalie udongo wenye ubaridi, au amesikia harufu ya unga wa mifupa uliowekwa kama mbolea. Mbwa jike akiwa kwenye joto, kundi la madume linalomfuata halina habari kama linapita njiani au juu ya dalia. Paka yeye anaona tuta jipya ni choo kilichoandaliwa kwa ajili yake.

Hilo la choo si la kuchekwa. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazma, ambavyo ni hatari kwa mimba, na kinyesi cha mbwa kinaweza kuwa na mayai ya minyoo yanayompata mtoto anayecheza kwenye udongo. Mama anayepalilia maua kwa mikono mitupu hajui jirani zake wa miguu minne waliacha nini usiku.

Sasa, mtu aliyeharibiwa bustani hufanya nini? Mara ya kwanza anamwambia jirani kwa upole. Mara ya pili anamwambia bila upole. Mara ya tatu baadhi ya watu huacha kusema, wakachukua kipande cha nyama au dagaa, wakatia sumu ya panya. Hapa ndipo ugomvi wa maua unapogeuka kosa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na hata pasingekuwa na sheria hiyo, sumu iliyotupwa uani haimchagui wa kumuua. Inaweza kumpata paka ambaye ndiye aliyekuwa akipunguza panya wa nyumba nne, au kunguru atakayedokoa mzoga, au mtoto anayetambaa. Baada ya hapo majirani hawasalimiani tena, na waridi litakalopandwa upya litakuwa limezungukwa na chuki.

Mamlaka nazo zina njia yao ya mkato. Katika miji kadhaa nchini hupita gari la matangazo likisema kwamba mbwa atakayekutwa akizurura atapigwa risasi. Takwimu za Iringa zinaonyesha kwa nini njia hiyo haifiki mbali. Katika mbwa waliohesabiwa, asilimia 52 walikuwa na umri wa chini ya mwaka mmoja. Watoto wa mbwa wengi hufa mapema, asilimia 72 hawamalizi mwaka, na bado jumla ya mbwa ilikadiriwa kukua kwa asilimia 10 kila mwaka. Katika hali kama hiyo, nafasi ya mbwa aliyeuawa leo inazibwa na mtoto wa mbwa atakayezaliwa uani kwa mtu mwezi ujao. Tena aliyepigwa risasi anaweza kuwa ndiye aliyechanjwa, na atakayechukua nafasi yake hajachanjwa.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuua mbwa peke yake hakukomeshi kichaa; kinachokomesha ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Watafiti wa Iringa walihitimisha kwamba, kwa kuwa karibu kila mbwa ana mwenyewe, inatosha kampeni za chanjo zielekezwe kwa mbwa wenye wenyewe. Kama mwenye mbwa anaweza kuitwa kituoni kwa ajili ya chanjo, anaweza pia kuitwa kwa ajili ya tuta la jirani yake.

Tangu utafiti ule miji imekua. Sensa ya 2022 iliikuta Manispaa ya Iringa na watu zaidi ya 200,000, na Jiji la Mbeya zaidi ya 540,000. Ikiwa uwiano wa mbwa mmoja kwa watu 14 bado unashika, Iringa peke yake ina mbwa zaidi ya 14,000. Viwanja vinapimwa vidogo kuliko zamani na nyumba zinasogeleana. Nyumba 87 kati ya 100 zisizo na mbwa ndizo zinazopokea matembezi ya mbwa wa zile 13.

Haki inataka wenye wanyama nao wasikilizwe, kwa sababu wana lao la kusema. Mbwa analinda, na katika mtaa usio na taa mlio wake una thamani kuliko kufuli. Mbuzi wawili uani ni benki ya mtu asiye na akaunti. Kuku wa kienyeji ni ada ya shule, ni kitoweo cha mgeni aliyefika bila taarifa, na anaponea kwa kujitafutia. Ukimfungia kutwa nzima, nani atanunua pumba? Swali hilo ni la kweli, na sheria itakayolipuuza itavunjwa siku ya kwanza.

Lakini kuzurura nako kuna gharama, na mfugaji ndiye wa kwanza kuilipa. Kuku wanaochangamana mtaani wanaambukizana mdondo, na ugonjwa huo ukiingia unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, ilhali kinga yake ni tone moja la chanjo jichoni kila miezi mitatu. Mbwa anayezurura hugongwa na bodaboda, hupigwa mawe, huletewa ugomvi na wenzake, au kichaa. Hata paka anayetembelea bustani yuko hatarini: maua ya lili, pambo linalopendwa sana, ni sumu kwake, na akilamba tu chavua iliyomwagikia manyoya yake figo zinaweza kufa. Banda la fito za mianzi, ambayo Iringa haijapungukiwa, halina gharama kubwa. Kuku anaweza kufunguliwa saa kumi jioni, mwenyewe akiwapo, akajitafutia ndani ya ua wake hadi magharibi. Mbuzi anaweza kukatiwa majani akaletewa, kama wengi wanavyofanya kwa ng'ombe wa maziwa.

Kuhusu namna ya kuamua kesi hizi, waheshimiwa, hamhitaji kutafuta mbali. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamtaka mtu ambaye mnyama wake amelisha shamba la mwenzake alipe kwa mazao yaliyo bora ya shamba lake. Qurani, katika Sura ya Al-Anbiyaa, inataja hukumu ya Daudi na Suleiman kuhusu kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kwamba Daudi aliona mwenye shamba apewe kondoo wenyewe. Suleiman akaona vingine: mwenye shamba akae na kondoo na kufaidi maziwa na sufu yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Hakuna aliyefilisika katika hukumu ile. Shamba lilipona, na mfugaji akajifunza kazi aliyoiharibu.

Uingereza nayo ilifika karibu na hapo kwa njia ya bunge. Sheria ya Wanyama ya 1971 ya huko inamfanya mwenye mifugo, kuku wakiwamo, awajibike kwa hasara ambayo mifugo yake imeleta katika ardhi ya mwingine. Na tangu 1992 mbwa aliye hadharani anatakiwa avae mkanda shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe. Mbwa akikutwa mahali, hakuna ubishi wa nani aitwe.

Hapa nyumbani vyombo vipo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inawapa ninyi uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 zilikwisha kuweka mipaka ya ufugaji mijini, ikiwamo ng'ombe wasiozidi wanne kwa mtu mmoja, nao walishwe bandani. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 ililipa baraza la kata kazi ya kwanza ya kupatanisha watu na kuleta amani katika eneo lake. Kinachopungua ni kuviunganisha vyombo hivi na uhalisia wa mtaa, pale ambapo mwenye bustani leo hajui aende kwa mtendaji, kwa afisa mifugo au polisi, na kila anapokwenda anaambiwa aende kwingine.

Wenye bustani wanaleta kwenu mambo manne.

La kwanza, siku ya chanjo iwe pia siku ya kuandikisha. Dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa tarehe 28 Septemba, wakati ambapo hapa kwetu kiangazi kimekaza na matuta ndiyo yanayoshambuliwa zaidi. Kila mbwa atakayeletwa achanjwe, aandikwe katika daftari la mtaa, na avalishwe mkanda wenye namba. Kwa kazi moja mji utapata kinga na orodha. Mwaka 2005 kumbukumbu za Iringa zilikuwa zimewaacha nje mbwa watano kati ya sita. Hakuna mpango unaoweza kusimama juu ya daftari la namna hiyo.

La pili, malalamiko yapokelewe mahali pamoja. Mtendaji wa mtaa awe na fomu fupi: mnyama gani, wa nani, ameharibu nini, lini. Asiende mtu polisi kwa sababu ya kuku.

La tatu, fidia ya kwanza iwe ni kutengeneza. Mwenye mbuzi alete miche ya aina ileile, atifue tuta, amwagilie mpaka ishike, na mwenyekiti wa mtaa athibitishe. Faini ya fedha ibaki kwa anayekaidi au anayerudia. Faini inaingia kwenye mfuko wa halmashauri, na mwenye waridi anarudi nyumbani kwenye fimbo zake tupu.

La nne, sumu ipigwe marufuku kwa sauti. Itangazwe katika mikutano ya mitaa, misikitini na makanisani kwamba kutega sumu ni kosa hata kama tuta limeharibiwa mara kumi. Na halmashauri nazo zitoe mfano kwa kuacha kuifanya risasi kuwa hatua ya kwanza.

Wenye bustani hawajaja mikono mitupu. Wanajua kwamba ua usio na wigo unakaribisha wageni. Michongoma iliyopandwa kwa ukaribu na kupogolewa vizuri inamzuia mbuzi, ingawa inahitaji miaka kadhaa kufumana. Wakati inakua, seng'enge ya kuku iliyozikwa kiganja kimoja chini ya ardhi inamkatisha tamaa mbwa mchimbaji. Matawi ya miiba yaliyopogolewa kwenye waridi yakitandazwa juu ya tuta jipya, paka anatafuta pengine na kuku hapati pa kuparua. Kokoto kuzunguka shina hufanya kazi hiyohiyo. Unga wa mifupa unaweza kuachwa, samadi iliyooza sawasawa ikatosha. Miche michanga inaweza kukaa kwenye vyungu juu ya ukuta au ngazi mpaka iwe na nguvu. Anayefanya hayo yote na bado akakuta mbuzi ndani, huyo ndiye anayestahili kusikilizwa haraka.

Yapo pia makubaliano ambayo hayahitaji sheria ndogo. Magugu na majani yanayopogolewa bustanini ni chakula cha mbuzi, mradi mwenye bustani ajue mimea yenye sumu na kuitenga. Samadi ya mbuzi ni chakula cha waridi. Majirani wanaopelekeana ndoo hizo mbili wana sababu ya kufunga mbuzi na sababu ya kufungua mlango. Maafisa mifugo na maafisa kilimo wa kata wanaweza kulifundisha hili katika mkutano mmoja wa mtaa, bila bajeti mpya.

Waheshimiwa, mambo haya hayasubiri mpango wa miaka mitano. Ombi ni kwamba yaingizwe kwenye ajenda za kamati zenu zinazohusika na mipango miji na mazingira kabla mvua za msimu huu hazijakatika, ili daftari na fomu viwe vimefika kwa watendaji wa mitaa ifikapo Mei, na mikanda ya mbwa iwe tayari kwa chanjo ya Septemba. Halmashauri moja ikianza, nyingine inaweza kujifunza kwake. Iringa ina utafiti wake wa kuanzia, na Mbeya inaweza kuanza kwa kuhesabu mbwa wa kata mbili au tatu.

Kwa heshima,

Mkazi mwenye bustani,
Nyanda za Juu Kusini